Kiasi na Namna: Bahari ya Wino katika Wimbo wa Pendo la Mungu

Mshairi anayetaka kusifu kitu kikubwa ana njia mbili. Aweza kukipima, yaani kusema kwamba kimezidi hiki na kile; au aweza kueleza kilivyotenda, akamwachia msikilizaji kazi ya kupima. Njia ya kwanza naiita njia ya kiasi, na ya pili naiita njia ya namna. Katika makala hii nakusudia kuzitazama njia hizo kwa kuuchunguza wimbo mmoja mashuhuri wa Kikristo juu ya ukubwa wa pendo la Mungu, na hasa sitiari yake moja, ambayo ni ya kale kuliko wimbo wenyewe, na ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu zetu za kuijadili. Siandiki kama mhubiri wala mwanachuoni wa dini. Mimi ni mtumishi wa serikali, masomo yangu yaliishia sekondari, na ushairi nimejifunza kwa wazee na kwa vitabu, jioni baada ya kazi. Nawaandikia walimu wa fasihi na wanafunzi wao, kwa kuwa nimeona katika mashairi ya vijana wengi kwamba wakitaka kusema “sana” husema “bahari”, na hapo huhesabu kuwa kazi imekwisha.

Jambo lenyewe lilinijia kwa njia isiyo ya elimu. Mwalimu wa kwaya moja mjini Tanga aliniletea karatasi yenye wimbo wa Kiingereza, akaniomba niutie katika Kiswahili chenye mizani na vina, kwa maana tafsiri waliyokuwa nayo ilikuwa ikiwakwaza waimbaji. Wimbo huo, ambao jina lake kwa Kiswahili ni Pendo la Mungu, ulitungwa na Frederick Lehman, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani. Una beti tatu na kiitikio. Nilidhani ningeumaliza kwa siku tatu. Ulinishika kwa miezi mitatu, na ubeti uliokuwa ukinizuia ulikuwa mmoja tu, ule wa tatu.

Ubeti huo husema, kwa maneno yangu mimi, kwamba hata kama bahari yote ingekuwa wino, mbingu zikawa karatasi ya ngozi, kila bua la nchi likawa kalamu, na kila mtu akawa mwandishi kwa kazi, basi kuliandika pendo la Mungu kungeikausha bahari, na karatasi isingetosha ijapokuwa imetandazwa toka upande mmoja wa mbingu hadi wa pili.

Historia ya maneno hayo ni ya ajabu, nami naona haifai kuipita. Lehman aliutunga wimbo mwaka 1917 huko Pasadena, katika jimbo la California, wakati alipokuwa akifanya kazi ngumu ya mikono ya kupakia machungwa na malimau katika makasha. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1948 alieleza kwamba siku moja, katikati ya kazi, aliketi juu ya kasha tupu la malimau lililosukumwa ukutani, akaandika kwa kipande cha penseli. Lakini alichokiandika hapo ni beti mbili za kwanza na kiitikio tu. Ubeti wa tatu haukuwa wake. Alieleza kuwa maneno yale yalikutwa yameandikwa kwa penseli ukutani, katika chumba chembamba cha nyumba ya wagonjwa wa akili, baada ya mgonjwa aliyekaa humo kufariki. Basi fikiri, ndugu msomaji: maneno yanayodai bahari nzima ya wino yaliandikwa na mtu asiyekuwa hata na karatasi, kisha yakaendelezwa na mpakiaji malimau mwenye kipande cha penseli.

Wala mgonjwa yule hakuwa wa kwanza. Maneno yanatokana na utenzi wa Kiyahudi uitwao Akdamut, uliotungwa katika lugha ya Kiaramu na Meir bin Isaac, mwongoza sala wa mji wa Worms katika Ujerumani, katika karne ya 11. Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya husoma utenzi huo hadi leo katika sikukuu yao ya Shavuoti, siku ya kukumbuka kupewa Torati. Una beti 90, na kila mstari huishia kwa sauti moja, “ta”, toka mwanzo hadi mwisho. Mtunzi yeyote wa tenzi wa Lamu au Pangani angemtambua Meir mara moja kuwa ni mwenzake wa kazi, kwa sababu sisi nasi tuna kina kimoja kinachofunga kila ubeti wa utenzi hadi tamati, nacho twakiita bahari.

Nyuma ya Meir kuna wengine tena. Masimulizi ya Kiyahudi yanalinasibisha wazo hilo na mwalimu Yohanan ben Zakkai wa karne ya 1, naye alilisema juu ya elimu aliyoipata kwa walimu wake. Na msomaji Mwislamu amekwisha kuinua mkono, maana anaijua sitiari hii tangu chuoni: imo katika Kurani, sura ya 18, Al-Kahf, aya ya 109, na tena katika sura ya 31, Luqman, aya ya 27, ambapo miti yatajwa kuwa kalamu na bahari huongezewa bahari saba. Mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki aliyesoma Kurani kwa maana yake alikutana na bahari ya wino kabla Lehman hajazaliwa.

Jambo la kutazama ni hili: wino ule unaandika nini? Kwa ben Zakkai unaandika elimu. Katika Kurani, maneno ya Mola. Kwa Meir wa Worms unaandika utukufu na uwezo wa Muumba. Mgonjwa wa ukutani na Lehman wameacha vyombo vyote kama vilivyokuwa, bahari, mbingu, kalamu na waandishi, wakabadili jina moja tu, wakaweka pendo. Wakristo hawakuvumbua sitiari hii. Waliikuta, wakaitia neno lao. Na kwa maoni yangu neno hilo liliivuruga sitiari kwa namna ambayo wenye kuimba hawaioni, nami nisingeiona kama nisingepewa kazi ya kuitafsiri.

Maana elimu, maneno na utukufu ni vitu ambavyo kalamu ina haki navyo. Elimu huandikwa. Maneno ndiyo kabisa. Utukufu wa mfalme huandikwa na karani wake. Lakini pendo si kitu cha kuandikwa kwanza; ni kitu cha kutendwa. Mume akimwambia mkewe kwamba hata bahari ingekuwa wino asingemaliza kuandika anavyompenda, mke ana haki ya kuuliza kama kuni zimepasuliwa. Hapo ndipo sitiari ya kiasi inapofikia mwisho wake. Yaweza kutuambia kwamba pendo ni kubwa. Haiwezi kutuambia kwamba ni pendo.

Lehman mwenyewe, nadhani, alilihisi jambo hili juu ya kasha lake. Ubeti wake wa kwanza unaanza kwa kiasi: ulimi na kalamu havitoshi, pendo lapita nyota ya juu na kufika chini kabisa kuzimu. Hayo ni maneno ambayo mtu yeyote angeweza kuyasema. Lakini mara anageuka. Anawaleta mume na mke wenye hatia, wameinama kwa uzito wa huzuni yao, na Mungu anamtoa Mwanawe. Analeta mtoto aliyepotea akapatanishwa. Kutoka nyota hadi watu wawili walioinama! Hapo wimbo unapata joto. Ubeti wa pili, unaosimulia viti vya enzi vinavyoanguka na watu wanaoiita milima, si wa kukaa nao. Ni ngurumo zaidi kuliko mvua.

Tuyatazame sasa maandiko yenyewe ambayo Wakristo huyategemea. Kiasi kimo. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Waefeso, sura ya 3, anataja vipimo vinne, upana na urefu na kimo na kina, kisha papo hapo anasema kuwa pendo la Kristo lapita ujuzi. Yaani anatoa futi kamba na kuitupa katika sentensi ileile. Zaburi ya 103 hutumia umbali wa mbingu na nchi, na wa mashariki na magharibi. Lakini Yesu, katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, aliponung’unikiwa kwa kula na wenye dhambi, hakuitaja bahari wala nyota. Alisema habari za kondoo 1 katika 100. Alisema habari za mwanamke aliyepoteza sarafu 1 katika 10, akawasha taa na kufagia nyumba. Alisema habari za baba aliyemwona mwanawe angali mbali, akaenda mbio. Mzee kukimbia! Katika desturi za Mashariki, na katika desturi zetu pia, mtu mzima mwenye mali hakimbii, husubiri afikiwe. Ukubwa wote wa pendo umo katika miguu ya mzee huyo, na hakuna kipimo hata kimoja kilichotajwa.

Tena lipo jambo ambalo Kiswahili kinatufundisha. Aya inayojulikana kuliko zote juu ya pendo la Mungu ni ya 16 katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana. Wasomaji wengi wa Kiingereza huichukua kama aya ya kiasi, kana kwamba inasema Mungu aliupenda ulimwengu mno. Lakini neno la Kiyunani lililopo pale hasa ni neno la namna: kwa njia hii, hivi. Na wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walitumia “jinsi”. Hilo ni neno la namna. Mtoto wa darasa la tano anayeisoma aya hiyo kwa Kiswahili anaelekezwa kutazama kilichotendwa, ilhali mwenzake wa Ulaya huachwa akishangaa wingi. Sisemi kuwa wafasiri wale hawakukosea popote. Nasema kuwa mahali hapa lugha yetu imeshika jambo barabara, na walimu wetu hawalionyeshi.

Hata jina lenyewe la pendo linatutaka tulifikirie. Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti wamezoea “upendo”. Wakatoliki kwa muda mrefu wamependelea “mapendo”, wanapoyataja pamoja na imani na matumaini. Na huko Kongo, Mapendo ni jina la mtu. “Mapenzi” nalo lina sura mbili, maana mapenzi ya Mungu katika sala ya Wakristo ni matakwa yake, na mapenzi ya kijana na binti ni jambo jingine. Binafsi nalihusudu “mapendo”. Tazama limeketi na nani katika sarufi: maji, maziwa, mafuta, machozi, mate. Ni jamii ya vitu vinavyomiminika, ambavyo ni vingi bila kuhesabika moja moja. Mswahili aliyelitamka neno hili kwa mara ya kwanza alikwisha kulifanya pendo kuwa maji, bila kuhitaji mshairi wa Worms amwambie. Lakini ni maji ya mtungini na maziwa ya mama, ya kunyweka, hayajawa wino.

Nilisema kwamba tuna sababu zetu za kuijadili sitiari ya wino. Msomaji wa tenzi anaikumbuka desturi ya watunzi wetu ya kuanza kwa kuagiza wino, kalamu na karatasi. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, anamwita binti yake amsogelee na wino na karatasi, apate kumwachia wasia. Wino wake ni mchache: unatosha beti zipatazo 100. Anamwonya binti juu ya dini, adabu na unyumba. Wasomaji wa leo wana haki ya kubishana naye katika mengi ya hayo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutilia shaka kwamba mama yule alimpenda mtoto wake. Ameonyesha kwa kutumia nguvu zake za mwisho kumwandikia. Ukiweka kidau cha Mwana Kupona kando ya bahari ya Lehman, unaweza kujiuliza ni kipi kina pendo zaidi ndani yake, na mimi jibu langu halichelewi.

Labda nimeathiriwa na utoto wangu. Nilipokuwa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaftari yalikuwa adimu. Tuliandika mistari miwili katika nafasi ya mmoja, tukafuta ya zamani ili tuandike tena. Kwa mtoto wa wakati ule, karatasi isiyotosha haikuwa sitiari ya mbinguni. Ilikuwa jambo la kila Jumatatu. Tulijifunza kwamba panapokuwa na nafasi ndogo mtu huchagua la kusema. Na katika ofisi, nimeona mara nyingi kwamba jalada nene haliwi na habari kubwa kuliko jembamba.

Hata hivyo sitaki kuidhulumu sitiari, kwani sababu ya kuishi kwake zaidi ya miaka 1,000 lazima iwepo. Nilipoitazama tena niliona kwamba, katika ubora wake, haipimi kitu. Inamwaibisha mpimaji. Vyombo vyote vya mwandishi vimekuzwa hadi ukomo wa dunia, na bado mwandishi ameshindwa. Basi aibu iwe yake. Kwa hiyo inafaa kinywani mwa mtu dhaifu, na haifai kinywani mwa mwenye majivuno. Ukutani mwa chumba cha mgonjwa ni ungamo. Katika shairi la kijana anayetaka tuzo ni chumvi tu. Mwalimu anayefundisha tashbiha na mubalagha angefanya vyema kuwauliza wanafunzi wake, kabla ya kuuliza sitiari hii yaitwaje, ni nani anayeisema na amekaa wapi.

Nadhani ndiyo maana washairi wetu wakubwa waliotaka kuleta Injili katika utenzi walichagua kusimulia. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, Mkatoliki na mtumishi wa serikali kama mimi, alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Mwalimu Nyerere, ambaye wengi wanamkumbuka kwa tafsiri zake za Shakespeare, alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Wote wawili walichukua chombo kilichokomaa mikononi mwa Waislamu wa pwani, chombo cha kusimulia maisha ya Mtume na vita vya mwanzo vya Uislamu, wakakipa habari nyingine. Utenzi una mizani 8 katika kipande. Haumpi mtu nafasi ya kutandaza mbingu. Unamlazimisha aseme nani alikwenda wapi akafanya nini. Ni chombo cha namna.

Kwa upande mwingine nyimbo nyingi za makanisani zinazoitwa tenzi si tenzi kwa mizani. Zimefuata sauti za Ulaya. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti za kigeni huupeleka zinakotaka. Kwaya ile ya Tanga ilikuwa ikikwazwa na hilo, na beti mbili za kwanza nilizitengeneza kwa kutafuta maneno ambayo mkazo wake ulikubaliana na ngoma ya wimbo. Ubeti wa tatu ulikubali mizani, ukakataa maana.

Nilipokuwa nikiusoma mbele ya waimbaji kwa majaribio, nikafika mahali bahari inapokauka, mama mmoja wa sauti ya pili alicheka. Nilimwamkia, nikamwuliza kosa liko wapi. Akasema, “Marahaba mwanangu. Kosa silioni. Ila ukishaikausha bahari, sisi tutakula nini?” Mumewe na wanawe ni wavuvi. Waimbaji wote walicheka naye, na mwalimu wa kwaya akagonga meza.

Usiku ule sikulala vyema. Kwa mtu wa bara, au kwa mtu wa Worms, bahari ni kitu kikubwa basi. Kwa mama yule bahari ni chungu cha jioni, ni ada ya shule, na ni kaburi la kaka yake. Kumwambia kwamba pendo la Mungu litaikausha ni kumwambia kwamba pendo hilo litamnyang’anya chakula. Sitiari imemfikia ikiwa kinyume cha ilichotaka kusema. Hapa mfasiri hana budi kuchagua: awe mwaminifu kwa mwandishi, au kwa pendo ambalo mwandishi analisifu.

Nilibadili. Katika tafsiri yangu kalamu zinachakaa na waandishi wanachoka, mmoja baada ya mwingine, na bahari inabaki imejaa kama ilivyokuwa, wala haikupungua kibaba. Nilijiridhisha kwamba nimesema jambo lilelile kwa upande mwingine. Lakini nakiri kwamba sina hakika. Mashairi ya watu si mali yetu, na Lehman aliandika kukauka, wala hakuandika kubaki. Mwalimu wa kwaya aliniambia hivyo waziwazi: asili inasema bahari imekauka, na yeye hana ruhusa ya kuijaza.

Tulibishana majuma mawili. Mwisho alichukua beti zangu mbili za kwanza, na ubeti wa tatu akaurudisha kama ulivyokuwa katika tafsiri ya zamani, pamoja na mkazo wake mbovu. Huimbwa hivyo Jumapili hadi leo. Niliwasikiliza mara ya mwisho nikiwa nimesimama mlangoni; yule mama wa sauti ya pili aliimba kwa nguvu habari za mbingu, karatasi, kalamu na waandishi, na walipofika baharini alifumba mdomo, akangoja wenzake wavuke, akaungana nao katika kiitikio.